Mtu anayeingia nyumbani kwao ni mimi

Shikamoo Mama,

Nina miaka 39. Natunza hesabu katika duka la jumla la vitambaa Kariakoo, na nimepanga chumba na sebule Tabata, ghorofani, dirisha langu likitazama ua wa jirani. Naomba unisome hadi mwisho kabla hujanichukia, maana haya hayajui mtu mwingine yeyote.

Mama yangu mzazi alifariki mwaka juzi kule Singida. Nilikuwa mtoto wake wa pekee. Ndoa yangu ilikwishavunjika zamani, mwenzangu alipochoka kungoja mtoto. Msibani watu walijaa, walinishika mkono, wakaniambia hawataniacha. Baada ya arobaini kila mmoja akarudi kwake, nami nikarudi Dar na begi langu. Kuna wikiendi zilipita neno pekee nililotamka likiwa ni "shusha", ndani ya daladala. Mama mdogo alikuwa akipiga simu. Nikawa sipokei, kwa sababu sauti yake inafanana na ya marehemu.

Ndipo nikaanza kuwaangalia wale.

Ni baba, mama, binti wa darasa la saba na kitinda mimba wao wa miaka mitano. Na dada wa kazi, msichana mdogo kutoka Njombe. Mwanzoni nilikuwa nasikia tu: vijiko, taarifa ya habari, mama akimwita mdogo aje kuoga. Nikajikuta napakua chakula changu wanapopakua wao. Nikawa nazima taa ili nione bila kuonekana, nakaa dirishani, sahani mapajani. Wakiomba kabla ya kula, nami nainamisha kichwa. Wakicheka, nacheka. Najua kikohozi cha baba. Najua siku yao ya maharage na siku yao ya samaki. Najua mama akizungumza na ndugu zake kwa simu huzunguka ule mlimau wao, na akizunguka haraka ujue wameudhiana. Nimehamia hata usharika wao, nakaa benchi la nyuma yao.

Kazini siku moja waliniuliza habari za nyumbani. Nikajibu, "Mdogo ana mafua." Sikupanga kusema hivyo, na nilipolisema sikuhisi kama nimedanganya. Tangu hapo nina mume na watoto wawili. Picha zao nazitoa kwenye stetasi ya yule mama, maana tulipeana namba siku maji yalipokatika mtaani. Binti yao alipopata kipaimara, wafanyakazi wenzangu walinichangia zawadi. Nilizipokea na kushukuru.

Halafu nikafungua akaunti ya Facebook kwa jina la mtu asiyekuwepo, picha nikaiokota mtandaoni, nikamwandikia yule mama kuhusu vitenge. Tukazoeana. Sasa tunachati karibu kila usiku. Namwona kupitia dirishani ameshika simu, anatabasamu kwa maneno yangu, nami nipo gizani hatua chache kutoka alipo. Ameniambia ugomvi wake na mumewe juu ya fedha. Ameniambia mimba iliyotoka ambayo hata mama yake hakuambiwa. Ananiita "dada yangu".

Pasaka walisafiri kwenda Moshi wote, pamoja na dada wa kazi. Yule mama akaniachia mimi, jirani, ufunguo wa mlango wa jikoni ili niwalishe kuku. Kabla hawajarudi nikauchonga mwingine. Fundi alimaliza nikiwa nimesimama hapo hapo.

Mama, sijagusa pesa yao hata shilingi. Naomba ruhusa kazini, nangoja dada atoke kwenda sokoni, naingia. Nakaa kwenye kochi. Nafungua kabati nanusa mashuka. Nalala kidogo kitandani, upande wa mama. Kila nikiingia natoka na kitu kimoja kidogo: kikombe cha mtoto chenye sungura, khanga, picha ya pasipoti. Na wakati mwingine natengeneza. Shati la shule la binti lilikuwa limekatika kifungo, nikalishona.

Usiku mmoja akaniandikia kule kwenye akaunti: "Dada yangu, kuna mtu anaingia nyumbani kwangu." Alisema kifungo kimeshonwa kwa uzi mweusi na hakuna aliyekishona. Mumewe anamwambia amechoka. Mama mkwe anasema nyumba ina kitu, waite watu wa maombi. Akaniuliza, "Au ndio naanza kuchanganyikiwa?" Nikamjibu kwamba yawezekana ni uchovu tu, apumzike. Nilimwona akilisoma jibu langu. Akajifunika uso kwa viganja.

Siku moja mdogo hakwenda chekechea, ana homa. Sikujua. Dada alikuwa nyuma anafua. Nilikuwa nimeketi kitandani mlango ukasukumwa, tukatazamana. Nikaweka kidole mdomoni. Akatabasamu, akarudi alikotoka. Jioni nikamsikia, "Mama, kuna anti alikaa kitandani kwako." Baba akamkemea aache uongo. Sasa kila nikipita getini, mtoto yule akiniona ananiwekea kidole mdomoni.

Dada wa kazi alifukuzwa kwa wizi wa kile kikombe na ile khanga. Alilia uani, akaapa kwa jina la mama yake. Aliondoka na mfuko wa salfeti bila mshahara wa mwezi. Mimi nilikuwa juu, dirishani, kikombe kiko mkononi mwangu.

Tangu aondoke, yule mama ananiomba nikae na mdogo jioni hadi atakaporudi kazini. Nimekonda kwa furaha na kwa hofu. Kuna wazo linanijia nikiwa nusu usingizini: akizidi kudhoofika hivi atapelekwa kwao apumzike, na ile nyumba itahitaji mwanamke. Sijalipanga. Linakuja lenyewe.

Ijumaa wanakwenda Moshi msibani, nyumba itabaki tupu siku kadhaa. Nimeshaomba likizo. Kazini nimesema nasafiri na familia yangu. Naogopa, Mama. Naogopa safari hii nikiingia sitatoka.

Nifanyeje?

Jirani, Tabata


Marahaba mwanangu,

Nimekusoma hadi mwisho, na sikukuchukia. Jibu hili nimekutumia wewe kwanza. Wasomaji wanalipata baadaye, kwa ruhusa yako, na vya kukutambulisha nimevibadilisha.

Sitaanza na wewe. Naanza na yule binti wa Njombe, kwa sababu katika barua yako ndefu umempa mistari michache, na katika jambo hili lote yeye ndiye aliyepoteza zaidi. Wewe unajua mji huu unavyowapata hawa mabinti: shangazi au jirani wa kijijini amempigia mtu simu, amemsifu, ameweka jina lake dhamana. Binti akirudi na sifa ya wizi, harudi nayo peke yake. Inamfuata aliyemtafutia kazi, inawafunika wadogo zake ambao kesho nao watatafutiwa nyumba za kufanya kazi. Na yule aliapa kwa jina la mama yake. Wewe uliyefiwa na mama unajua uzito wa kiapo hicho kuliko mtu yeyote aliyekuwa pale uani.

Kisha mama mwenye nyumba. Huyu aliona sawasawa. Uzi mweusi ulikuwepo, khanga ilipotea kweli, mtu aliingia kweli. Akili yake ilifanya kazi yake vizuri kabisa, na watu wawili aliowaamini kuliko wote wakamwambia asiiamini: mumewe, kwa kutojua, na "dada yake" wa kwenye simu, kwa kujua. Kumwibia mtu khanga ni jambo moja. Kumfanya atilie shaka macho yake mwenyewe ni jambo lingine, na hupona polepole sana. Najua hukukaa ukapanga kumvunja. Lakini lile wazo unalosema linakuja lenyewe, la yeye kudhoofika na nyumba kuhitaji mwanamke, lilikwisha kupata msaada wako siku uliyomjibu kwamba ni uchovu tu. Hapo ndipo niliposimama kusoma nikavuta pumzi. Nakuomba nawe usimame hapo.

Na mtoto. Mwanangu, nimezungumza na wazazi kwa miaka mingi katika ukurasa huu, na sijui namna nyepesi ya kukwambia hili. Kitu tunachowafundisha watoto wetu kwa juhudi zote ni kwamba mtu mzima akikwambia "usiseme", wewe kaseme. Mtoto yule alifanya sawasawa na alivyopaswa: alimwona mgeni chumbani kwa wazazi, akaenda akamwambia mama yake. Akaambulia kuitwa mwongo. Sasa amejifunza kwamba kusema hakusaidii na kwamba siri ya mtu mzima ni mchezo mzuri. Kidole kile anachokuwekea getini, kesho anaweza kuwekewa na mtu mwenye nia mbaya kuliko yako, na hatasema. Ndiyo maana ukweli huu hauwezi kubaki kati yako na mimi, hata kama ungeacha kila kitu leo na usirudie kamwe. Mtoto yule lazima asikie kutoka kwa baba yake kwamba alisema kweli.

Sasa nije kwako.

Upweke wako si wa kujitakia, na si wa ajabu. Tuna tabia ya kusema upweke ni wa Wazungu, kwamba huku kwetu tuna ndugu, majirani, vikoba na kwaya. Shirika la Afya Duniani lilitoa ripoti katikati ya mwaka 2025 kuhusu jambo hili, likasema karibu mtu 1 kati ya 6 duniani anaishi na upweke, na kwamba katika nchi zenye kipato cha chini kiwango kinafika karibu asilimia 24, takriban mara mbili ya nchi tajiri. Kwa hiyo ukiwa kwenye daladala iliyojaa, kuna mwingine humo humo ambaye neno lake pekee la siku litakuwa "shusha". Kumzika mzazi wako wa mwisho, ukiwa huna ndugu wa tumbo moja, huna mume wala mtoto, ni kubaki bila mtu anayekujua tangu ulipokuwa mdogo. Nakupa pole, na naitoa kwa moyo wote, kwa sababu naona tangu arobaini ipite hakuna aliyekupa tena.

Mwanasosholojia mmoja wa Marekani, Robert Weiss, aliandika mwaka 1973 kwamba upweke uko wa namna mbili: kukosa watu wa kuzunguka nao, na kukosa mtu mmoja wa karibu wa kujishikiza kwake, na kwamba huu wa pili hauponi kwa kuongezewa marafiki wa juu juu. Nadhani wako ni huo wa pili. Hukutamani mtaa uliochangamka. Ulitamani kuwa ndani, mezani, mtu akuite jina uje kuoga. Lakini dirisha halikukupa hicho hata siku moja. Umekuwa ukila kwa macho, na anayekula kwa macho anaamka na njaa kubwa kuliko aliyolala nayo, ndiyo maana dirisha halikutosha ukahitaji picha, picha hazikutosha ukahitaji akaunti, na akaunti haikutosha ukahitaji ufunguo. Usitegemee kwamba kitanda kile kitatosha.

Jambo jingine nililoliona, na sina hakika kama wewe umeliona. Mama mdogo alikupigia, hukupokea. Wenzako kazini walikuuliza habari za nyumbani, wakakuchangia zawadi kutoka mifukoni mwao. Yule mama alikukabidhi ufunguo, kisha akakukabidhi mtoto wake. Hao wote ni watu waliokufungulia mlango ukiwa wewe, kwa jina lako. John Cacioppo, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago aliyeuchunguza upweke kwa miaka mingi hadi alipofariki mwaka 2018, alionyesha kwamba mtu akikaa mpweke muda mrefu akili yake huanza kulinda mipaka: inaona hatari na kukataliwa hata mahali ambapo hakupo, na hivyo mpweke anajitenga zaidi ilhali anatamani watu. Uliogopa kwamba wewe halisi, mwanamke aliyeachwa kwa kukosa mtoto, binti aliyefiwa, hufai kukaa mezani kwao. Ukatuma mwanamke wa kubuni, na wao wakampenda yeye. Hayo mapenzi yote ya "dada yangu" hayakukufikia wewe hata kidogo, maana hawajui kuwa ni wewe.

Mimi si daktari, na siwezi kukupa jina la ugonjwa kwa kusoma barua. Ninachojua ni kwamba maombolezo yanayorefuka na kumzuia mtu kuishi yanatambuliwa siku hizi kama jambo la kutibiwa. Yamo katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022. Lakini una zaidi ya maombolezo. Umesema unaogopa kwamba ukiingia hutatoka. Hofu hiyo ni sehemu yako iliyo nzima, na ndiyo iliyoandika barua. Itii. Nenda hospitali kabla ya Ijumaa. Muhimbili wana idara ya afya ya akili. Ukiona foleni yake ndefu, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu nawe. Huna haja ya kutafuta maneno: chukua barua uliyoniandikia, mpe daktari aisome yote. Atakuuliza unavyolala, kama unasikia sauti, kama umewahi kufikiri kujidhuru au kumdhuru mtu. Jibu kweli, hasa kuhusu lile wazo la nusu usingizini. Na kama wakati wowote wazo hilo likiota miguu, ukajikuta unafikiri la kufanya ili yule mama azidi kudhoofika, usingoje miadi, nenda hapo hapo, hata usiku.

Usiende peke yako. Mpigie mama mdogo. Ndiyo, sauti yake itakuumiza. Acha ikuumize, lia naye, hujamlilia mama yako na mtu yeyote tangu matanga yalipokwisha. Mwambie apande basi aje. Huhitaji kumweleza yote kwa simu. Mwambie, "Nimeharibikiwa, siwezi kulala peke yangu," inatosha. Wanawake wa Singida ninaowajua mimi hawaulizi swali la pili kwa maneno hayo.

Ufunguo. Kuna watakaokushauri uutupe kimya kimya, uhame, yaishe. Sikubaliani nao. Ukiutupa, binti wa Njombe anabaki mwizi, mtoto anabaki mwongo, na mama yule anabaki akijiuliza kama ana akili timamu. Ufunguo lazima urudi, pamoja na kikombe, khanga, picha na kila ulichochukua, na lazima waambiwe umetumikaje ili wabadili vitasa. Lakini usiende getini kwao mwenyewe na kuanza kuungama ukilia. Hapo utakuwa unawaomba wao wakubebe wewe, nao ndio waliojeruhiwa. Nenda kwa mchungaji wa usharika, ukiwa na mama mdogo. Anawajua wao, anakujua wewe, na atajua namna ya kuwaketisha. Yeye ndiye akabidhi. Kama watataka kukuona, watasema. Kama hawatataka, hiyo ni haki yao, na usiandike, usipige simu, usipite.

Lazima pia nikwambie upande wa sheria, usije ukashtukizwa. Kuingia nyumba ya mtu bila ridhaa yake na kutoka na vitu vyake ni makosa chini ya Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, na kujifanya mtu mwingine mtandaoni kumeguswa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Wanaweza kukusamehe na wanaweza kwenda polisi. Kabla ya kukutana na mchungaji zungumza na wakili, au na wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, ambao hawalipishi. Sikwambii hivyo ili utafute upenyo. Nataka ukienda kusema kweli uende ukijua unachokabili, ili hofu isikurudishe nyuma ukiwa umefika nusu.

Ile akaunti, usiitumie tena kuanzia dakika hii. Usitume kwaheri, usitume ungamo kupitia akaunti hiyo, maana hata kwaheri itakuwa uongo mwingine kutoka kwa mtu asiyekuwepo. Usiifute pia, mchungaji ataieleza, na wao wataamua kama wanataka kuiona. Aliyokuambia yule mama kuhusu mimba yake, kaburini nayo. Mchungaji hana haja ya kuyajua, wala mumewe, wala mama mdogo.

Kuhusu binti wa kazi, nataka uandike kwa mkono wako, na jina lako halisi, kwamba vile vitu ulichukua wewe na yeye hakuhusika. Nakala moja iende kwa mwajiri wake, nyingine kwa yule aliyemleta mjini. Mshahara wake wa mwezi na wa miezi aliyokaa bila kazi ulipe wewe. Kama utalazimika kuuza samani, uza.

Kazini itakuwa aibu kubwa, sikufichi. Si lazima uwaeleze wote. Mchague mmoja, yule aliyezunguka kukusanya mchango wa kipaimara, maana mtu wa kuzungusha daftari la mchango ndiye mara nyingi mwenye moyo. Mwambie huna mume, huna watoto, ulifiwa na mama na ukashindwa kusema. Mrudishie zawadi au thamani yake. Huenda ukapoteza heshima kwa baadhi yao. Lakini kwa mara ya kwanza tangu uzike, atakuwepo mtu mjini hapa anayekujua hali yako.

Na hama. Najua umelipa kodi ya miezi mingi mbele na mwenye nyumba hatarudisha. Hama hivyo hivyo. Huwezi kuacha ukiwa na lile dirisha. Ukipata chumba kingine, tafuta cha uani, penye wapangaji wanaogombania kamba ya kuanikia na kuazimana chumvi, watu watakaokugongea ukichelewa kuamka. Self yenye utulivu ngoja kwanza.

Mtoto usikae naye tena, hata jioni moja. Leo mwambie mama yake kwamba una udhuru na hutaweza, ili apange mtu mwingine mapema.

Ijumaa usiwepo Tabata. Kama mama mdogo hajafika, nenda wewe Singida. Basi za asubuhi zipo, na likizo unayo tayari. Ufunguo uache kwa mchungaji Alhamisi, ukiwa umefungwa kwenye bahasha, hata kama mazungumzo yenyewe yatafanyika wakirudi msibani. Ukishaukabidhi nitumie ujumbe kwa namba uliyonayo. Na usipoweza kuukabidhi, nitumie ujumbe vilevile, saa yoyote, tutafute mtu wa kuja kuuchukua.